Wagonjwa Wapo, Mlipaji Yuko Wapi? Hesabu za Biashara ya Afya Shirikishi na Tiba Mbadala Tanzania

Anayetaka kufungua kliniki ya fiziotherapia, duka la miwani, maabara ndogo au kituo cha tiba asili huanza karibu kila mara na swali la wateja: je, watu watakuja? Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uitwao STEPS, ulikuta zaidi ya robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na takriban asilimia 9 wana kisukari. Hao ndio wanaokuja kuhitaji mazoezi baada ya kiharusi, vipimo vya damu kila baada ya muda, uchunguzi wa macho, na wengine mguu wa bandia. Ongeza majeruhi wa bodaboda. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 2.4 wana hali ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa mwili, zingeisaidia.

Wagonjwa wapo, basi. Vituo hufungwa kwa sababu ya maswali mengine matatu ambayo mwenye wazo huyaacha hadi amekwishalipa pango la mwaka: nani analipa, analipa lini, na mgonjwa mmoja anarudi mara ngapi.

Kabla ya hesabu, tutenganishe kwanza makundi, kwa kuwa watu huyachanganya na sheria haiyachanganyi. Afya shirikishi ni kada zenye mafunzo ya chuo zinazofanya kazi bega kwa bega na daktari: fiziotherapia, tiba kwa vitendo (kumrudishia mgonjwa uwezo wa shughuli za kila siku), viungo bandia, lishe, tiba ya matamshi. Nyingi kati ya hizi zinasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017. Maabara, optometria (upimaji wa macho na miwani) na radiolojia (picha za mwili kama eksirei) zina mabaraza yao, yaliyotokana na sheria tatu za mwaka 2007. Tiba asili na tiba mbadala zina Baraza lao chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Tiba asili ni ile ya mitishamba na maarifa ya jamii zetu. Mbadala ni akupancha (tiba ya sindano), homeopati (dawa zilizozimuliwa mno), kairopraktiki (kunyoosha uti wa mgongo) na nyinginezo zilizoingia kutoka nje. Hijama, ambayo wazee wanaijua kama kuumika kwa chuku, inakaa katikati: wengine wanaiita asili, wengine mbadala. Zanzibar ina sheria na baraza lake, kwa hiyo cheti cha Dar es Salaam hakikuruhusu kufungua mlango Mjini Magharibi.

Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba kuna leseni ya mtu na kuna usajili wa mahali. Mtaalamu anaweza kuwa na leseni safi ya baraza lake na bado kituo chake kikafungwa kwa kuwa jengo halijakaguliwa na kusajiliwa kama kituo cha afya binafsi. Maabara binafsi ina bodi yake ya usajili. Ukiweka mashine ya eksirei, Tume ya Nguvu za Atomiki inaingia pia na kukagua kinga ya mionzi ya chumba. Juu ya hayo kuna TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya halmashauri, na usajili wa BRELA kama ni kampuni. Mpangilio unaopunguza hasara ni huu: mwite mganga mkuu wa halmashauri au ofisi yake itazame chumba kabla hujasaini mkataba wa pango. Wengi hupanga kwanza, kisha wanaambiwa mlango ni mwembamba kwa kiti cha magurudumu, hakuna sinki chumba cha matibabu, au choo ni cha pamoja na saluni ya jirani. Kubomoa ukuta wa nyumba ya mtu ni mazungumzo marefu.

Sasa hesabu. Tuchukue kliniki ndogo ya fiziotherapia yenye wataalamu wawili na mtu wa mapokezi. Tarakimu hizi ni za mfano; weka za mtaa wako. Mtaalamu mmoja anayefanya kazi kwa uangalifu anaweza kuhudumia wagonjwa wanane kwa siku, dakika 45 kila mmoja. Wawili kwa siku 24 za mwezi wana nafasi 384. Bei ni shilingi 20,000 kwa kila zamu ya matibabu. Gharama za mwezi: pango 700,000, mishahara 2,350,000, mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10, yaani 235,000, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, kama 12,000, umeme, maji na intaneti 200,000, jeli, shuka, plasta na vinginevyo 150,000. Jumla 3,647,000.

Gawa kwa 20,000. Unahitaji zamu 183 kwa mwezi ili usipate wala usikose, sawa na asilimia 48 ya nafasi zote. Ukijaza asilimia 55 unabaki na kama 573,000, na humo bado hujatoa kodi ya mapato, ada za leseni wala uchakavu wa vifaa. Ukijaza asilimia 45 umeshaingia hasara ya karibu 190,000. Umbali kati ya kliniki inayopumua na inayozama, kwa mtaalamu mmoja, ni kama mgonjwa mmoja tu kwa siku.

Hizo zamu 183 zinatoka wapi? Mwenye maumivu ya kiuno akikamilisha matibabu ya mara sita, unahitaji wagonjwa wapya 31 kila mwezi. Akija mara mbili akapotea, unahitaji zaidi ya 90. Hapo ndipo pesa ilipo, na ndipo wenye kliniki wengi hawatazami: wanalipia matangazo ya kuleta wapya huku wa zamani wanavuja mlango wa nyuma. Mgonjwa huacha kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza, maumivu yamepungua siku ya tatu na hakuna aliyemweleza kwamba nguvu ya misuli hurudi polepole kuliko maumivu yanavyoondoka. Ya pili, hakujua mwanzoni itachukua mara ngapi na shilingi ngapi, akaogopa deni lisilo na mwisho. Dawa ya yote mawili ni karatasi moja siku ya kwanza: tatizo ni hili, tunategemea mara hizi, jumla ni hii, na siku ya nne tutapima tena kwa kipimo kilekile, iwe ni nyuzi za mkunjo wa goti au mita za kutembea kwa dakika sita. Kisha simu ya ukumbusho jioni ya kuamkia siku ya miadi. Hilo halina gharama kubwa, na huinua marudio kuliko bango lolote la barabarani.

Halafu inakuja bima, na hapa ndipo hesabu nzuri hugeuka. Chukua kliniki ileile iliyojaza asilimia 55, yaani zamu 211. Nusu yao sasa ni wa bima, na tuseme kitita, yaani orodha ya huduma na bei za mfuko wa bima, kinalipa 12,000 badala ya 20,000. Mapato yanakuwa 3,380,000, chini ya gharama. Bei ya wastani imeshuka hadi 16,000, na zamu za kufikia usawa zimepanda kutoka 183 hadi 228, karibu asilimia 60 ya nafasi. Bima inaleta wagonjwa, lakini inakudai ujaze chumba zaidi ili ubaki palepale.

Na pesa hiyo haiji leo. Madai yakilipwa baada ya miezi mitatu, 1,260,000 ya wagonjwa wa bima ya kila mwezi inarundikana hadi 3,780,000 iliyoko nje, zaidi ya matumizi ya mwezi mzima, huku mwenye nyumba na wafanyakazi hawasubiri. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba na mfuko wowote wa bima, weka kando akiba ya gharama za miezi mitatu. Asiyekuwa nayo aanze na wateja wa fedha taslimu, aingie bima baadaye. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha kwa muda huduma kwa wanachama wake. Hospitali kubwa ina wodi, famasia na upasuaji wa kuibeba siku hizo. Kliniki ya vyumba viwili yenye asilimia 80 ya mapato kutoka kwa mlipaji mmoja haina pa kushika. Kwa maoni yetu, mlipaji mmoja asizidi nusu.

Makato ya madai yana sababu za kuchosha kwa ufanano wake: fomu haina sahihi ya mgonjwa, ugonjwa ulioandikwa hauendani na huduma iliyodaiwa, barua ya rufaa ya daktari haipo, zamu zimezidi zilizoidhinishwa, namba ya leseni ya mtaalamu aliyetibu haimo kwenye orodha ya kituo. Hakuna hata moja hapo inayohusu ubora wa matibabu. Mpe mtu mmoja kazi ya kukagua kila fomu siku hiyohiyo kabla mgonjwa hajatoka getini, kwa kuwa sahihi iliyosahaulika hutaipata mwisho wa mwezi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, itaongeza idadi ya wanaokuja na kadi. Usiichukulie kama mvua ya pesa. Hoja ya kutazama ni nini kimo ndani ya kitita cha msingi kwa kada yako, kwa bei gani, na kwa ngazi ipi ya kituo. Huduma iliyomo hospitali ya rufaa tu haikusaidii mtaani. Majirani Kenya walibadilisha mfuko wao wa bima, nao uliitwa NHIF, kuwa mamlaka mpya ya SHA Oktoba 2024, na kipindi cha mpito kilileta malalamiko mengi ya vituo kuhusu madeni ya nyuma. Anayeingia sokoni wakati mfumo unabadilika ahesabu na ucheleweshaji wa namna hiyo.

Kuhusu kodi kuna mitego miwili midogo. Huduma za tiba zimesamehewa VAT, kwa hiyo humtozi mgonjwa asilimia 18, lakini pia hurudishiwi VAT uliyolipa kwenye samani, kompyuta na ukarabati. Weka bajeti ya vitu hivyo kwa bei kamili. Mtego wa pili ni zuio la pango: mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Usipoikata unapomlipa mwenye nyumba, TRA itaidai kwako.

Mashine ni kishawishi kingine. Wauzaji hukuonyesha ultrasaundi tiba, leza, mawimbi mshtuko na vitanda vya kuvuta uti wa mgongo, na mgonjwa naye huvutiwa na taa zinazowaka. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi ultrasaundi, TENS (mkondo mdogo wa umeme kupitia ngozi), mikanda ya kiuno wala kuvuta mgongo. Unapendekeza elimu, programu ya mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono kama masaji na kunyoosha uti. Mfuko wa bima unaosoma miongozo hiyo siku moja utaacha kulipia mashine yako. Vya kuanzia ni vitanda viwili imara vinavyopanda na kushuka, fito mbili sambamba za kujifunzia kutembea, kioo cha ukutani, mipira na mikanda ya mazoezi, vyuma vya uzito mdogo, ngazi ya hatua tatu, na goniometa ya kupimia nyuzi za viungo.

Turudi kwenye swali la nani analipa na mara ngapi, maana ndilo linaloiweka optometria mbele ya kada nyingine zote kwa anayeanza na mtaji mdogo. Karibu kila mtu aliyevuka miaka 40 hupoteza polepole uwezo wa kusoma karibu. Haihitaji ajali wala ugonjwa. Mteja analipa taslimu, anaondoka na kitu mkononi, na lenzi zake zitabadilika baada ya miaka miwili mitatu. Faida haimo kwenye kupima, imo kwenye fremu na lenzi. Tena manufaa yake kwa kazi yamepimwa: jaribio lililofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, lililochapishwa 2018, lilikuta waliopewa miwani ya karibu waliongeza uzalishaji kwa karibu asilimia 22 kuliko wasiopewa. Hoja hiyo ina nguvu unapokwenda kwa mwenye kiwanda cha nguo, karakana ya washonaji au ushirika wa wachambua kahawa kuomba siku ya kupima wafanyakazi.

Mshindani wako hapo si hospitali. Ni machinga mwenye miwani ya kusomea kwenye ubao. Usishindane naye kwa bei. Yeye hana lenzi za macho mawili yanayotofautiana, hana za jicho lenye umbo lisilo sawa (astigmatizimu), na hawezi kuona shinikizo la jicho linalopanda kimyakimya. Kinachoharibu jina la duka la miwani ni kipimo cha umbali kati ya mboni mbili. Milimita chache za kosa kwenye lenzi nzito, na mteja anarudi na kichwa kinauma. Kutengeneza upya ni gharama yako. Pima mara mbili, mtu mwingine arudie, andika namba zote mbili. Lensimita ya kuthibitisha lenzi iliyotoka karakana ya nje ununue kabla ya kiyoyozi.

Maabara ndogo tunaipa alama za chini kuliko wengi wanavyoipa. Kampuni inakuja na ofa nzuri: mashine ya kupima damu bure, wewe nunua vitendanishi tu, yaani kemikali za kupimia. Soma kipengele cha kiwango cha chini cha manunuzi kwa mwezi. Mashine hiyo inahitaji sampuli za kudhibiti ubora kila asubuhi, uje na wagonjwa 3 au 60, na chupa ya kitendanishi ikishafunguliwa ina siku zake. Kwa wagonjwa wachache, kipimo unachouza kwa faida kwenye karatasi kinakula hasara mezani. Njia iliyo salama zaidi kwa eneo lenye watu wachache ni kufanya vipimo vya papo kwa papo, malaria, sukari, mkojo, ujauzito, na kuwa kituo cha kukusanya sampuli kwa maabara kubwa kwa vile vingine. Gharama yake halisi ni ubaridi na muda: damu ya potasiamu ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa majimaji, jibu linapanda uongo, na daktari anamtibu mgonjwa ugonjwa asio nao. Na kamisheni za chini ya meza kwa daktari anayekuletea wagonjwa zinakula faida, tena zinahatarisha leseni za wote wawili.

Kwenye tiba asili na mbadala mlipaji ni mmoja: mfuko wa mteja. Hiyo ni faida, maana hakuna madai yanayosubiri. Ni hatari pia, kwa kuwa soko linaweza kufumuka na kukauka kwa msimu mmoja. Samunge, Loliondo, mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Waliotengeneza fedha nzito walikuwa wenye magari, wauza maji na wapangisha mahema. Mahitaji yale hayakukaa.

Anayetaka biashara ya kudumu huko ana njia ya hatua: utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, mratibu wa tiba asili wa halmashauri, usajili wa Baraza kwa mtoa huduma na kwa kituo, kisha usajili wa kila dawa kivyake. Dawa hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuchunguzwa usalama. Taasisi ya Tiba Asili ya chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) na kituo cha Mabibo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) nazo zinafanya utafiti wa mitishamba. Dawa nyingi hukwama kwa mambo ya jikoni kuliko mmea wenyewe: ukungu kutokana na kukaushia chini, unga wenye kiwango kisicho sawa kati ya chupa na chupa, lebo isiyo na tarehe ya kutengenezwa, kipimo cha kunywa kilichoandikwa "kiasi". Kausha juu ya kichanja kivulini, pima kwa mizani ya gramu, ipe kila mkupuo namba, hifadhi sampuli yake. Kuna kosa la tano lisilosameheka, la kuchanganya dawa za hospitali kwa siri kwenye mitishamba, za maumivu au za nguvu za kiume. Maabara huziona, na mgonjwa wa moyo anaweza kufa nazo.

Matangazo nayo ni eneo la kukanyaga polepole. Serikali imewahi kuyazuia matangazo ya tiba asili redioni na kwenye televisheni, na dai la kuponya kisukari au saratani ni njia ya haraka ya kufungiwa. Kwa tiba mbadala, tazama pia walipaji wa nje wanavyokwenda: Ufaransa iliacha kurudisha gharama za homeopati Januari 2021 kwa kukosa ushahidi, ilhali mwongozo ule wa 2023 wa maumivu ya kiuno uliipa akupancha nafasi. Mwenye kuweka mtaji wa miaka kumi asizitazame tiba hizi kama kapu moja.

Kwa fiziotherapia na tiba kwa vitendo, nafasi ambayo bado haijajaa mijini ni huduma ya nyumbani kwa mgonjwa wa kiharusi na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Familia inalipa taslimu, na inaendelea kwa miezi. Haihitaji pango kubwa. Inayoiua ni foleni. Dar es Salaam, mtaalamu anayetoka Mbagala kwenda Tegeta kisha Gongo la Mboto atahudumia watu wawili kwa siku. Gawa mji kwa siku: ukanda mmoja Jumatatu na Alhamisi, mwingine Jumanne na Ijumaa, na usipokee mgonjwa nje ya ukanda wa siku hiyo hata akiomba sana. Wanne hadi watano kwa siku wanawezekana hivyo. Bei iwe na nauli na muda wa njiani ndani yake, si nyongeza ya kubishania mlangoni, na ndugu anayemtunza mgonjwa afundishwe mazoezi ya siku ambazo mtaalamu hayupo, yaandikwe kwenye daftari la nyumbani, na daftari hilo likaguliwe kila ziara.